Mshelele wa Jirani

Hidaya Shekalaghe alikwaruza gome la mshelele wake kwa ukucha wa kidole gumba, akakuta ndani pakavu, rangi ya kahawia. Akashuka kidogo kwenye shina, akakwaruza tena. Halafu karibu kabisa na udongo. Kote kulikuwa vilevile. Akabaki amechuchumaa mbele ya baraza, kiganja kwenye shina, kama mtu aliyefika kumjulia hali mgonjwa akakuta watu wameshatandika majamvi.

"Umekufa?" mumewe Hatibu aliuliza kutoka mlangoni.

"Umekufa."

Hatibu aligeuka, akarudi ndani. Yeye ndiye aliyechimba shimo.

Kwa miaka mingi mshelele ule ulikaa nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi, ukanawiri kimya kimya. Si mti mkubwa. Mshelele ni kichaka cha kufika kifuani, majani mazito yanayong'aa, na maua madogo meupe yanayotoka mvua za vuli zikianza. Zamani uliota msituni juu ya Usambara, kwenye makorongo yenye unyevu, na hakuna aliyejishughulisha nao. Msitu ulipokauka, na baada ya kukauka ukaungua, watu wa Kitalu cha Mlima walipanda kuokota mbegu zilizosalia, kila mbegu na korongo lake. Wakazileta chini Muheza, wakagawa miche kwa nyumba zenye kivuli na zilizokubali kulea. Nyumba moja, mti mmoja. Kila mti ulipewa jina la korongo aliposimama mama yake. Wa Hidaya uliitwa Shizu. Hapakuwa na mwingine kutoka Shizu popote duniani.

Masharti ya ulezi yalikuwa machache. Mti upewe kivuli. Ulishwe majani yaliyooza, si mbolea ya dukani. Unyweshwe maji ya mgao asubuhi, usileweshwe. Usikatwe tawi, usigawiwe mtu, na ukishashika mizizi usihamishwe. Hidaya aliyajua masharti hayo kuliko yeyote, maana alikuwa mwenyekiti wa walezi wa mtaa wa Majengo Mapya, na ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuyafundisha. Kijana mmoja aliyeoa juzijuzi alipotaka kuusogeza wa kwake karibu na geti, Hidaya alimwambia mbele ya mkewe, "Mshelele si kochi, useme leo likae hapa, kesho pale." Mtaa mzima ulikuwa ukiyarudia maneno hayo.

Kisha ikaja habari kwamba wageni wa Kitalu wangetembelea bustani ya mfano, na bustani ya mfano ni ya Hidaya. Akaenda nyuma ya nyumba, akapatazama kwa macho ya wageni. Pale palikuwa na kamba ya nguo, banda la bata, na mlango wa choo usiofungika vizuri. Akawaona wageni wakiinama kupita chini ya shuka zilizoanikwa. Akamwita Hatibu na jembe.

"Wewe mwenyewe husemaga usihamishwe," Hatibu alimkumbusha.

"Nasema kwa wasiojua. Sisi tutauhamisha na udongo wake."

Waliuhamisha na udongo wake. Jua la mbele ya nyumba likaupiga, mizizi iliyokatwa na jembe ikaanza kuoza, na Hidaya, kwa hofu, akazidisha maji.

Kwenye shina kulikuwa na pini ya shaba, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Pini ilisoma maji na joto la mti na kupeleka habari Kitaluni. Ilijua mti una kiu au hauna. Haikujua mti ni nani. Damu ya kila mshelele ilipimwa mara moja tu, ukiwa mche. Baada ya hapo mpango wote uliegemea neno la mlezi. Taa ndogo ya pini ilikuwa njano kwa siku kadhaa, na Hidaya alikuwa amewajibu Kitalu kwamba ni upepo mkavu, utapita. Sasa ilikuwa inaelekea nyekundu.

Alisimama, akajipangusa magoti. Ndani, kwenye msumari nyuma ya mlango, ulining'inia ufunguo wa nyumba ya jirani.

*

Jirani yake aliitwa Bi Mwajabu, mwanamke wa makamo ya kuelekea uzeeni, mshonaji, aliyekaa upande wa pili wa ua wa michongoma. Alikuwa ameolewa mara mbili na mara mbili akarudishwa kwao kwa sababu moja, kwamba hakuzaa. Alipopewa mshelele, mche wa korongo la Kwelumbi, watoto wa mtaa walianza kumwita Mama Kwelumbi. Wengine walidhani atachukia. Hakuchukia. Ukimwita hivyo alikuwa akiitika kabla hujamaliza jina.

Wakati ule alikuwa Tanga, akimuuguza dada yake. Aliuacha ufunguo kwa Hidaya, akamwomba amnyweshee mti.

Hidaya alifungua geti la jirani mchana kweupe, na ndoo mkononi, kama alivyofanya kila siku. Kwelumbi ulisimama kwenye kivuli cha mparachichi, majani mabichi kabisa, bado haujawahi kutoa maua. Akaunywesha kwanza. Hilo alilikumbuka baadaye, kwamba aliunywesha kwanza, kwa utaratibu, asimwage. Ndipo akatoa kisu ndani ya khanga, akakata tawi la nyuma, lile ambalo mtu akisimama mlangoni halioni.

Kwenye kikopo alikuwa na ute wa chipukizi. Wakulima wa vanila na muhogo waliutumia wote. Ulikuwa mchanganyiko wa vijidudu vilivyofundishwa kuharakisha mmea, hata muhogo ukakomaa kwa muda wa kukomaa mchicha. Kwa mazao uliruhusiwa. Kwa miti ya Kitalu ulikatazwa, sawa na kukata tawi kulivyokatazwa, na sababu ilikuwa ileile: tawi likipandwa si mtoto. Ni mti uleule umesimama mahali pawili. Mtaa ukipendezewa na mti mmoja na kila mtu akaomba tawi, baada ya miaka michache unakuwa na bustani mia na mshelele mmoja.

Hayo pia Hidaya ndiye aliyekuwa akiyafundisha.

Alilipaka tawi ute, akalipanda chini ya mfenesi, kwenye shimo la zamani la Shizu. Akachomoa pini kwenye mti uliokufa, akaichomeka kwenye tawi. Taa ikayumba, njano, nyekundu, njano tena, ikatulia kijani. Shizu wenyewe Hatibu aliukatakata. Haukuwa na mahali pa kutupwa pasipoonekana, kwa hiyo ukaingia mekoni. Wageni walipofika, tawi likiwa limeshakuwa kichaka kwa nguvu ya ute, walikula pilau iliyopikwa kwa kuni zake.

"Umeurudisha nyuma?" mmoja wa wageni aliuliza, akiinama chini ya kamba ya nguo. Huyu alikuwa Bwana Nehemia Kupaza, afisa wa Kitalu aliyesimamia mitaa ya Muheza, mtu mpole mwenye tabia ya kuvua kofia akiingia bustanini kama anaingia kanisani. "Niliambiwa uko mbele."

"Mbele jua kali," alisema Hidaya.

"Umefanya vizuri. Wengi hupenda kuuonyesha." Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye mama niliyewaambia."

Wakampigia makofi. Hatibu alijifanya anafukuza bata.

Bi Mwajabu alirudi wiki ile ile, dada yake ameshapata nafuu, na kabla hajafungua mizigo alipita kwa Hidaya na doti ya khanga.

"Chukua, Mama Sefu. Mti wangu nimeukuta unacheka. Ila kuna tawi limekatika huko nyuma."

"Mbuzi," Hidaya alisema. "Waliingia. Niliwahi kuwafukuza, walikuwa wamekwisha kukata hilo moja."

"Basi Mungu akulipe. Wangeumaliza wote."

Hidaya aliipokea khanga kwa mikono miwili. Alipobaki peke yake aliiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za msiba.

*

Vuli ilikuja na miti ya mtaa ikachanua. Kwelumbi ulichanua kwa mara ya kwanza. Harufu yake, nzito na tamu kidogo kama ya mkate wa ufuta, ilipenya michongoma, ikakutana na harufu ya mti wa chini ya mfenesi, na hakuna ambaye angeweza kuzitofautisha.

Zamani mishelele ilichavushwa na nyuki wadogo wa msituni. Nyuki hao hawakuliweza joto la chini. Kitalu kikatengeneza vyombo vinavyoruka, kila kimoja kama punje ya mahindi, vyenye manyoya tumboni ya kubebea chavua. Watu wakaviita wajumbe, kwa kuwa vilipita nyumba hadi nyumba na habari za watu. Kila msimu Kitalu kilipiga hesabu ya undugu wa miti yote, kikachagua ipi ioane na ipi. Kila mti mwenza mmoja tu, ili mbegu zikipandishwa mlimani ijulikane baba ni nani na mama ni nani.

Siku ndoa zilipotangazwa, Bi Mwajabu alikuja mbio, cherehani kaiacha na kitambaa juu yake.

"Umesikia? Shizu na Kwelumbi. Makorongo yao yalikuwa mbali kuliko yote, ndiyo maana wamechagua hivyo." Akamshika Hidaya mkono. "Sasa sisi ni wakwe. Mimi, Mwajabu, nina mkwe."

Hidaya alicheka, maana ndicho kilichotarajiwa.

"Mshelele haujioi," alikuwa akiwaambia walezi wapya. Chavua ikitua kwenye ua la mti uleule, ua huitambua kama damu yake, hufunga njia, na halichukui muda linaanguka tupu. Ndivyo mti unavyojilinda. Na sasa wajumbe walikuwa wakiruka juu ya michongoma kutoka Kwelumbi kwenda Kwelumbi, wakirudi, wakienda tena, kwa bidii.

Aliwatazama kutoka dirisha la jikoni. Siku ile angeweza kusema. Maua yalikuwa bado mabichi, Kitalu kingeutafutia mti wa jirani mwenza mwingine, na kilichokufa kingekuwa Shizu peke yake na heshima ya mtu mmoja. Alivaa mtandio, akafika hadi getini kwake. Nje walipita wanawake wawili wa kikundi cha walezi. Wakamsalimia, "Shikamoo, mwenyekiti," wakamuuliza kama ni kweli mti ukichanua usipigwe dawa ya wadudu. Akawaeleza kwa kirefu. Walipoondoka akarudi ndani, akavua mtandio.

Maua yakaanza kuanguka. Kwanza moja moja, kisha kwa viganja, meupe juu ya majani makavu, kwake na kwa jirani. Halikusalia hata moja la kutunga tunda.

*

Bwana Kupaza alikuja na uso wa mtu aliyetumwa asichokipenda. Alikaa barazani kwa Hidaya, kofia mapajani.

"Shizu umezaa misimu yote iliyopita," alisema. "Mbegu zake zimeota juu vizuri. Kwa hiyo tatizo si kwako. Tatizo ni Kwelumbi."

"Ndiyo kwanza umechanua. Labda mwakani."

"Mama, unajua ugonjwa wa utasa. Unapita kwenye chavua. Tulichelewa Korogwe, tukapoteza mtaa mzima. Sheria ni mti wa kwanza unaoshukiwa ung'olewe na kuchomwa kabla ya mvua zijazo. Na huo hautakuwa na mgao wa maji tena." Akageuza kofia. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mwenyekiti, na ni rafiki yake. Sitaki asikie kwangu. Kesho kutwa nitakuja na vijana wa kung'oa. Zungumza naye, akubali kwa moyo."

Hidaya alisikia neno *utasa* likirudi kichwani mwake kwa sauti ya Kupaza, sauti ya upole isiyokusudia ubaya.

"Hamwezi kuupima tena damu?" aliuliza. Lilikuwa jambo la karibu zaidi na ukweli aliloweza kulitoa.

"Kipimo cha damu kinaonyesha mti ni nani. Hakionyeshi ugonjwa. Na sisi tunajua ni nani."

Alikwenda kwa Bi Mwajabu siku ileile. Alimkuta ameketi chini ya mparachichi, anaokota maua makavu na kuyaweka kwenye ungo, bila sababu yoyote inayoonekana.

"Wameniambia tayari," Bi Mwajabu alisema kabla Hidaya hajaketi. "Mtaa hauna siri. Mtoto mmoja amenipigia kelele pale uani, anauliza kama ni kweli mti wangu tasa."

"Dada..."

"Sijakasirika. Mtoto ni mtoto." Aliendelea kuokota. "Unajua nilipopewa mche huu, nilimuuliza yule bwana, mbona mnanipa mimi? Mkono wangu hauna bahati. Akacheka, akasema mti hauangalii mkono. Nikaamini. Mtu akiwa na hamu na kitu huamini upesi." Akatikisa ungo. "Nimefanya yote uliyonifundisha, Mama Sefu. Kivuli, majani yaliyooza, maji ya asubuhi. Hebu niambie wewe unayejua. Nilikosea wapi?"

Maneno matatu tu ya Hidaya yangetosha: Nilikata tawi lako. Aliyaona maneno yenyewe. Aliyaona kama mtu anavyoona chungu kikidondoka na mkono wake haunyanyuki.

"Hukukosea," alisema.

"Basi ni mimi tu nilivyo." Bi Mwajabu alisimama, akajinyoosha mgongo. "Waambie watoto wasiniite tena lile jina. Waambie taratibu, wasidhani nimenuna."

*

Hatibu alimkuta jikoni, sufuria imeungua, yeye amesimama mbele yake anaitazama.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia hajakosea."

Hatibu aliitoa sufuria motoni, akaiweka chini. Alikuwa fundi wa reli maisha yake yote, hakuzoea kuzungumza mambo marefu.

"Mimi nilichimba shimo," alisema. "Nikaukata ule mti na shoka langu. Ukitaka tuseme wote wawili, tutasema. Lakini kwa Mwajabu, mdomo ni wako. Ufunguo alikupa wewe."

"Watanivua uenyekiti."

"Watakuvua."

"Watu wote niliowafundisha, Hatibu. Wote."

"Ndiyo."

Alingoja amwambie jambo la kumfariji. Hatibu alichukua sufuria, akatoka nayo uani, akaanza kuisugua kwa mchanga.

Asubuhi yake Hidaya alitoka bila mtandio wa kutokea, na khanga ya nyumbani tu, maana alijua akianza kuvaa atapata sababu ya kurudi. Alipofika kwenye geti la jirani alisikia harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa chai.

Bi Mwajabu alikuwa amesimama karibu na mparachichi, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Shimo lilikuwa wazi. Pembeni ya shimo moto ulikuwa ukimalizikia, na ndani yake mizizi myembamba ilijikunja ikiwa myekundu.

"Umeamka mapema," Bi Mwajabu alisema. "Nimeona nisisubiri kesho. Wale vijana wakija, na watu nao watakuja kusimama kwenye ua kutazama. Nimesimamiwa na watu mara mbili nikitolewa vyombo nje. Mara ya tatu sikutaka."

Hidaya alipiga magoti. Alinyoosha mkono kwenye moto kana kwamba kuna kitu cha kuokoa, akaurudisha.

"Haukuwa tasa," alisema.

"Yamekwisha, Mama Sefu."

"Nisikilize. Haukuwa tasa. Shizu ulikufa. Niliuhamisha mbele ya nyumba kwa ajili ya wageni, ukafa. Wewe ulikuwa Tanga. Nikaingia humu na ufunguo wako, nikakata tawi la mti wako, nikalipanda kwangu, nikaliita Shizu. Wajumbe walikuwa wanachukua chavua ya Kwelumbi na kuipeleka kwa Kwelumbi. Ndiyo maana maua yalianguka. Mti wako ulikuwa mzima."

Bi Mwajabu hakusogea. Moto ulilia kidogo, kama kuni mbichi.

"Lile tawi la nyuma," alisema.

"Ndiyo."

"Mbuzi."

"Hapakuwa na mbuzi."

"Nilikuletea khanga."

Hidaya alitazama mikono ya mwenzake, udongo ulivyoingia kwenye mikunjo ya vidole. Alifikiri Mwajabu angemtukana, na alitamani amtukane. Mwajabu alikwenda kwenye ndoo, akanawa mkono mmoja, kisha mwingine, taratibu, mpaka maji yakawa tope.

"Jana ulikaa hapa," alisema, bado amempa mgongo. "Nilikuuliza nimekosea wapi. Uliniangalia machoni."

"Nilikuangalia."

"Ungesema jana, mti wangu ungekuwa umesimama pale." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Jana tu, Hidaya."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

*

Bwana Kupaza aliitwa, na hakusubiri siku aliyoipanga. Alisimama chini ya mfenesi, pini mkononi, akasikiliza yote. Hidaya alisema mwenyewe, Hatibu amesimama kando yake. Bi Mwajabu alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anatazama kichaka.

"Na Shizu wenyewe?" Kupaza aliuliza. "Mabaki yako wapi? Hata kipande cha mzizi. Siku hizi kwenye kipande kibichi wanaweza kuokoa chembe."

"Tuliupikia," Hidaya alisema. "Siku mlipokuja."

Kupaza alivaa kofia yake, halafu akaivua tena. Alisema korongo la Shizu lilikuwa na mbegu moja tu iliyookotwa, kwamba aliyeiokota ni mwalimu wake, na kwamba watoto wa Shizu waliopandishwa mlimani walikuwa nusu ya kitu, nusu ya pili ilikuwa hapa. Hakusema kwa hasira. Hidaya alitamani ardhi ya chini ya mfenesi imfunike.

"Huu sheria inasema uchomwe," Kupaza aliendelea, akionyesha kichaka. "Ni tawi, tena limepakwa ute."

"Ukiuchoma huu, Kwelumbi umekwisha," Hatibu alisema.

"Najua."

"Basi ni bahati," alisema Hatibu, akitafuta mahali pa kushika. "Ina maana lile tawi, ingawa lilikatwa vibaya, ndilo limeuokoa."

"Usiseme hivyo," Hidaya alimkatiza, na wakati uleule Bi Mwajabu akasema, "Halikuokoa kitu. Bila tawi hilo mti wangu usingeitwa tasa, na mimi nisingeshika jembe."

Bi Mwajabu aliinuka kwenye kinu, akasogea, akakipapasa kichaka, jani moja, kisha chini yake, kama mtu anayemtafuta mtoto alama ya kuzaliwa.

"Nauchukua," alisema.

"Hauwezi kuhamishwa," Kupaza alimwambia kwa upole. "Umeshashika mizizi. Ute ukiisha nguvu, ukiuhamisha utakufa kama ule mwingine."

"Basi nitaufuata hapa hapa."

Ikawa hivyo. Kitalu kiliketi, kikabishana, kikakubali kuuacha mti ule kwa kuwa hapakuwa na mwingine, kwa sharti kwamba uitwe jina lake, na mlezi wake awe Mwajabu. Hidaya haruhusiwi kuugusa. Walezi wa mtaa waliitwa kwenye uwanja wa shule, na Hidaya akasimama mbele yao, akawaeleza alichofanya tangu shimo la mbele ya nyumba mpaka pilau. Hakuna aliyemzomea. Yule kijana aliyekuwa ameambiwa habari za kochi alikuwa amekaa safu ya mbele, na Hidaya alipofika sehemu ya kuhamisha, kijana aliinamisha kichwa, akawa anachezea kiatu chake, kama yeye ndiye aliyekosa. Hilo lilimuuma Hidaya kuliko kuzomewa kokote. Mwenyekiti mpya alichaguliwa kabla watu hawajaondoka. Waliporudi nyumbani, wanawake waliozoea kupita na maswali walipitia njia nyingine, na hata waliopita walimsalimia haraka, macho yakiwa kwenye paa la nyumba.

Msimu uliofuata Kwelumbi ulioana na mti wa mtaa mwingine. Wajumbe walikuja kutoka upande wa stesheni, wakashuka juu ya mfenesi. Maua yalianguka kama kawaida ya maua, lakini nyuma yake vikabaki vijifundo vya kijani, vikavimba, vikawa vyekundu. Bi Mwajabu alizichuma mbegu mwenyewe. Kupaza akamchukua, akapanda naye gari la Kitalu mpaka juu, akampa kijiti atoboe udongo kwa mkono wake. Hidaya aliyajua hayo kwa kusimuliwa na watu wa mbali. Mwajabu hakumsimulia.

Anakuja kila asubuhi na ndoo yake. Zamani hakuwa akipiga hodi katika nyumba hii. Alisukuma geti akaingia, akaanza kuzungumza kabla hajaonekana. Sasa anasimama nje ya geti, hata likiwa wazi, anapiga hodi kama mgeni, anangoja. Hidaya huacha chochote anachofanya, akaja.

"Karibu," anasema.

"Ahsante."

Kisha Hidaya hujitenga pembeni, akaegemea ukuta, ili mwenye mti apite.